Malachie, Virginie na Jeep Iliyolia Kama Bunduki

Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka huu wa 2003, Papa Malachie Syaghuswa, mekanisiye mkuu, yaani fundi wa mitambo, wa hospitali yetu ya kanisa hapa Beni, ataweka funguo zake mezani na kwenda kupumzika baada ya kutumika miaka thelathini na miwili. Kamati ya wafanyakazi iliniomba mimi, Tamar wa maternité, wodi ya wazazi, niandike maneno ya kumuaga. Wapo waliotaka aandike mtu wa garaje. Papa Malachie mwenyewe akasema aandike Tamar, kwa kuwa alikuwamo ndani ya gari. Wengi wenu mnajua ni gari gani na siku gani. Kwa wageni nitaeleza yote, na yeye ameniruhusu nisifiche kitu.

Alizaliwa Butembo, akajifunza kazi kwenye garaje ya malori ya kahawa, akaja kwetu mwaka 1971 akiwa kijana mwembamba mwenye sanduku moja la mbao lililojaa vifaa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuangalia jenereta ya chumba cha upasuaji. Baadaye akapewa magari, pampu ya maji, mashine ya kusaga ya jikoni, na hata kile kinanda cha kanisa kilichokuwa kinavuta pumzi kama mgonjwa wa pumu. Alikuwa na tabia moja iliyotushangaza sisi sote: aliweza kuingia chini ya lori akiwa na shati jeupe na kutoka nalo jeupe. Siku ya ndoa ya mmoja wa madaktari wetu, gari la maharusi lilizimika katikati ya barabara. Papa Malachie akatoka katika msafara, akalala chini, suti na vyote, na kabla kwaya haijamaliza wimbo wa pili maharusi walikuwa wanaendelea na safari. Bibi harusi alimkagua mgongoni akitafuta doa. Hakulipata.

Vita ilipofika mwaka 1996, majeshi yaliyopita hapa yalichukua magari yetu mawili mazuri, na hadi leo hatujayaona. Jeep ya zamani ya esansi, yaani petroli, ilibaki. Ilibaki kwa sababu Papa Malachie aliivua magurudumu, akafungua boneti, akaweka kuku ndani. Askari walichungulia, kuku wakaruka, wakacheka wakaenda zao. Delko, kile chombo kinachogawa moto kwenye buji, plagi za injini, ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya chungu cha unga wa muhogo, na mke wake Mama Virginie alikuwa amekaa juu ya mfuniko akichambua maharage. Basi tangu wakati huo jeep hiyo moja ndiyo iliyokuwa ambulansi ya hospitali nzima. Mwanamke akishindwa kujifungua Mbau, mtoto akiishiwa damu Oicha, ilikuwa jeep hiyo au machela.

Mwaka 2000 bombe moja lilianguka nyuma ya ukuta wa garaje. Papa Malachie alitoka akiwa mweupe kwa vumbi, akajipapasa mwili mzima, akaona yuko mzima, akarudi ndani kutafuta kofia yake. Tulimshukuru Mungu siku ile. Hatukujua kwamba filimbi ilikuwa imebaki masikioni mwake, na kwamba baada ya filimbi ulifuata ukimya.

Dalili zilikuwepo, ila tulizicheka. Mimi mwenyewe nilimwomba kamba, akaniletea pamba, tena kwa heshima, ikiwa imefungwa vizuri. Kanisani, kule mtaa wa Ruwenzori, alianza kuendelea kuimba wakati kwaya imekwisha kunyamaza. Mama Virginie, ambaye anaongoza sauti ya pili, aliacha kiti chake cha kwaya siku ambazo hakuwa na zamu, akawa anakaa karibu na mume wake na kumshika mkono. Tukasema, tazameni mapenzi ya uzeeni. Kumbe alikuwa anamfinya kidogo kila ubeti ulipokwisha. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Papa Malachie alikuwa amemwomba asimwambie mtu, kwa maana ni nani atakayemwachia magari mekanisiye asiyesikia?

Mwaka 2001 kolekteri ya jeep, lile bomba nene la chuma linalopokea moshi kutoka kwenye injini, ilipasuka. Ilichomelewa, ikapasuka tena pembeni ya pale ilipochomelewa. Moshi uliingia ndani, wagonjwa wakawa wanafika hospitalini wakiwa na ugonjwa wao pamoja na kizunguzungu. Kolekteri ya namna ile haikupatikana Beni wala Butembo. Hapo akatokea Bwana Shafii, msafirishaji wa Butembo, ambaye mke wake Hadjara alikuwa amefanyiwa upasuaji kwetu akapona. Alikuwa ametoka Dubai na mzigo wake, na ndani ya mzigo kulikuwa na kolekteri ya ajabu: mabomba sita membamba ya chuma, kila moja likianza peke yake kwenye injini, yakipinda kama vidole na kukutana chini kwenye mdomo mmoja.

"Ile batu banaweka kwa magari ya mbio," alimwambia mkurugenzi wetu, Docteur Abdias. "Siye hapana tafuta mbio. Mais lakini iko chuma nzuri, na vipimo ni vya ile motere yenu. Muchukue, ni zawadi ya Hadjara."

Papa Malachie na shofere wetu, Lukumani, waliipeleka jeep Butembo, kwenye uwanja wa Shafii ambako kulikuwa na vifaa vyote. Lukumani ni mtu wa familia ya Kiislamu ya wasafirishaji, na alikuwa ametumika na Papa Malachie tangu siku alipoajiriwa. Waligombana juu ya mpira wa miguu tu. Walifunga mabomba yale sita, Papa Malachie akarekebisha kaburateri, watu wa Shafii wakasikiliza wakasema vizuri. Jeep ilipanda vilima vya Butembo kama kitu kilichozaliwa upya.

Kitu ambacho hawakukifikiria siku ile ni hewa. Butembo iko juu, hewa yake ni nyepesi. Beni iko chini, hewa ni nzito. Mabomba mapya yalitoa moshi kwa urahisi, injini ikavuta hewa nyingi zaidi kuliko zamani, na kadiri gari lilivyoteremka, hewa ilizidi kuwa nzito na esansi ikabaki ileile. Injini ikawa na njaa. Injini yenye njaa ya namna hiyo haichomi vizuri ndani, na esansi kidogo inayobaki inaenda kuwakia kwenye bomba, hasa shofere akiondoa mguu kwenye kichapuzi. Inatoa mlio. Kwa mtu wa Beni wa mwaka ule, mlio huo ulikuwa na jina moja tu.

Asubuhi iliyofuata tuliitwa Mbau kwa phonie, redio ya mawasiliano ya hospitali. Mama mmoja kijana, Mapenzi, alikuwa kwenye uchungu na mtoto amelala kimshazari tumboni. Tulimchukua pamoja na mama mkwe wake, ambaye alikaa mbele, mimi nyuma na mgonjwa. Wakati wa kwenda Lukumani alipita bariyeri ya askari barabarani polepole, akibembeleza kichapuzi, na kwa neema hakuna kilicholia. Wakati wa kurudi Mapenzi alikuwa analia na Lukumani alikuwa na haraka. Barabara inateremka kabla ya bariyeri. Aliondoa mguu.

Pap. Kisha pap-pap-pap.

Askari wa pale walikuwa wamevamiwa siku chache tu nyuma. Niliwaona wakilala chini wote kwa pamoja kama majani. Kisha bunduki zao zikajibu. Nilimlalia Mapenzi. Kioo cha mbele kilikuja ndani. Gari likasimama, na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya Lukumani akisema kwa utaratibu, "Mikono juu, mama. Inua mikono juu," akimwambia yule mama mkwe. Yeye mwenyewe aliinua mkono mmoja. Wa pili ulikuwa hauinuki, risasi ilikuwa imepita katikati ya nyama ya juu.

Afisa wao alikuwa kijana, akaja mpaka dirishani.

"Munatupiga juu ya nini?"

"Hapana siye, chef," Lukumani alijibu. "Gari njo iko napiga. Ukuje usikie."

Akakanyaga, akaachia. Pap. Askari mmoja alirudi chini tena, halafu akaona aibu. Afisa alizunguka gari, akamwona Mapenzi, akaniona mimi, akaona damu.

"Mupite," alisema. "Mais hii gari ikirudi hapa na ile sauti, hapana uliza. Tutaipiga tu."

Damu ya Lukumani niliifunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Aliendesha kwa mkono mmoja, na mama mkwe wa Mapenzi, ambaye hajawahi kushika kitu cha gari maishani mwake, akawa anabadilisha gia kwa amri yake: "Vuta, mama. Sasa sukuma mbele. Asante, mama." Gari lililia njia nzima. Watu wa mashamba ya kakao waliruka mitaroni tulipopita. Tulifika. Mapenzi alipasuliwa, akapata mtoto wa kike, mzima. Lukumani alishonwa na kulazwa.

Papa Malachie alikuja wodini jioni ileile. Nilikuwa nabadilisha bandeji. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, kofia mkononi, akiutazama mdomo wa Lukumani.

"Ilianza kupiga wapi?"

"Kwenye mutelemuko, tukitoka Butembo," Lukumani alisema. "Na leo asubuyi nilikuambia, vieux. Uliniachia funguo, nikakuambia gari iko napiga kwa eshapema, kwa bomba ya moshi. Ukatikisa kichwa, ukacheka, ukapigapiga boneti. Nikasema basi, yeye anajua, haiko kitu."

"Rudilia."

Lukumani akarudia, neno kwa neno. Papa Malachie aliinamisha kichwa, na nilidhani analia, lakini alikuwa anafikiri jinsi ya kusema.

"Mi hapana sikia," alisema.

"Nasema, asubuyi nilikuambia..."

"Hapana ile tu. Mi hapana sikia kitu tangu bombe. Batu, nasoma midomo. Gari haiko na midomo. Butembo niliangalia uso ya batu ya Shafii, nikaona banafurahi, nikafunga boneti. Asubuyi ulikuwa umeinama, unachukua funguo."

Lukumani alivuta shuka juu ya bega. Halafu akageuza uso wake ukutani, na hakuugeuza tena mpaka Papa Malachie alipoinuka na kwenda.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Docteur Abdias, akaweka funguo mezani na kuomba aachishwe. Docteur alizichukua funguo. Alisema Papa Malachie atabaki kazini, ila jeep haitatoka uani mpaka yule aliyepigwa risasi aseme itoke. Siku zile nilimwonea uchungu kuliko siku nyingine zote nilizomjua. Alifagia garaje. Alipanga funguo za kufungulia bolti kwa ukubwa, akazipanga upya. Na kule Mbau na Oicha, wagonjwa waliletwa kwa baiskeli, na wengine hawakuletwa.

Mama Virginie ndiye aliyefungua mlango uliofungwa. Alikuja wodini na samaki wa Vitshumbi na ndizi, akijua Lukumani atakula samaki bila wasiwasi. Alikaa, akamsubiri ale kidogo.

"Najua uko na kasirani," alisema.

"Juu ya risasi, hapana, mama. Risasi ni ya ule askari. Kasirani yangu, alinificha. Siye tunaingia kwa ile barabara kila siku na kazi ya mukono yake. Nikijua hasikii, ningemwandikia kwa udongo na kijiti."

"Aliogopa kufukuzwa. Na miye nilimusaidia kuficha. Donc basi kasirani, ukate mara mbili, nusu unipatie."

Lukumani alitafuna. Mfupa wa samaki ulimpa muda wa kufikiri.

"Mama," alisema mwishowe, "kanisani kwenu muko bangapi kwa kwaya?"

"Makumi ine, wakiamuka bote."

"Mumoja akiimba mubaya, unajua ni nani?"

"Najua hata kama alikula pilipili."

"Basi uende ukasikie gari."

Ndivyo Mama Virginie, mwimbaji wa sauti ya pili, alivyoingia garaje ya hospitali. Docteur Abdias alirudisha funguo. Wazee wawili wa kanisa walinong'ona kidogo juu ya mwanamke kukaa kati ya mafuta na vyuma. Mama Virginie akawaalika waje wasikilize wao, na wakakumbuka kazi nyingine.

Nilipata nafasi ya kuwatazama, maana dirisha la maternité linaelekea garaje, na nakiri kwamba wamama waliojifungua wiki ile walikaa zaidi upande wa dirisha. Mama Virginie alikaa juu ya bidoni tupu, dumu la mafuta, ubavuni mwa injini. Papa Malachie aliinama juu ya boneti. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kaburateri, na mkono wa mke wake ulikuwa mgongoni pake. Walikubaliana hivi: gari likilia pap, anampiga kofi dogo. Likivuja pumzi, anamkwaruza kwa kucha. Injini ikigonga ndani, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole, anamdonoa. Likiwa sawa, mkono unatulia.

Mwanzoni mkono ule haukutulia hata kidogo. Alimpiga makofi mengi mpaka wamama wakacheka, na yeye Papa Malachie, aliyekuwa hajacheka tangu siku ya bariyeri, akacheka pia.

Kwanza alitafuta pumzi. Mama Virginie alikwaruza, akamwongoza kwa kidole mpaka kwenye bomba la mwisho la nyuma. Pale uso wa chuma ulikuwa umepinda kidogo kwa joto, hewa ikapenya na kulisha ule moto wa ndani ya bomba. Aliyafungua mabomba yote sita, akalala na kuamka nayo, akiusugua uso wake juu ya kipande cha kioo chenye msasa mpaka ukang'aa sawasawa. Akakata joint mpya ya kuziba upenyo, akafunga, akawasha, akaacha lipoe, akakaza tena. Makwaruzo yakaisha. Makofi yakapungua, lakini hayakuisha.

Ndipo akafungua buji na kuziweka kwenye kiganja. Zilikuwa nyeupe kama chokaa. Alimwonyesha mke wake.

"Angalia. Iko na njaa."

"Basi uipatie chakula," Mama Virginie alisema, akihakikisha amesimama mbele yake.

Chakula cha injini kinapita kwenye jikleri, kitundu kidogo cha shaba ndani ya kaburateri. Bwana Shafii, aliposikia yaliyotokea, alituma jikleri za kaburateri kuukuu zote alizoweza kupata, zikaja na lori la viazi. Papa Malachie alijaribu moja, akajaribu nyingine. Iliyokuwa kubwa mno ilitoa moshi mweusi, Mama Virginie akakohoa, akahamisha bidoni lake huku akimtazama mumewe kwa jicho ambalo halikuhitaji masikio. Ndogo ilirudisha makofi. Hatimaye ilipatikana moja ambayo buji zilitoka nayo zikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Akamalizia na delko, akiigeuza kwa unyoya tu: ikizidi, anadonolewa, anairudisha. Siku moja asubuhi nilimsikia akivuta waya wa kaburateri na kuachia, kuvuta na kuachia, na mkono ule mgongoni ulikuwa umetulia kabisa. Alibaki ameinama vile, hakutaka kuinuka. Mama Virginie naye hakuuondoa mkono.

Lukumani alikuwa ametoka wodini, mkono wake umefungwa shingoni. Alizunguka gari, akasikiliza, akasema hapa uani kila gari lina adabu. Akataka liende Mbau.

Hakuweza kuendesha. Papa Malachie akasema ataendesha yeye, kwa kuwa kama watapiga, ni haki wampige yeye. Docteur alikataza Mama Virginie asiende. Lakini mama alikuwa amekwisha kukaa katikati ya kiti cha mbele. Lukumani akapanda upande wa dirisha, na mimi niliyajua haya mengine kwa midomo yao watatu, maana niliachwa langoni.

Kwenda, walikuta bariyeri ina askari wa zamu nyingine wasiolijua gari, wakapita polepole, wakapanda ule mteremko, wakageuza Mbau, wakarudi kama siku ile. Bariyeri ikaonekana. Askari wa siku ile walikuwa wamerudi zamuni, wakalitambua gari kutoka mbali, Lukumani aliwaona wakishika bunduki. Papa Malachie alipaswa kuondoa mguu wakati huo. Hakuwa na namna ya kujua ni nini kitatokea nyuma yake. Alimtazama mke wake usoni mara moja, akaondoa mguu.

Mama Virginie aliuweka mkono wake juu ya goti la mume wake, ukatulia pale.

Afisa yuleyule alikuja. Alisimama upande wa dirisha la Lukumani, akautazama mkono uliofungwa.

"Njo ile gari?"

"Njo yeye," Lukumani alisema.

"Mutusikilizishe."

Lukumani alimwonyesha Papa Malachie kwa ishara. Akakanyaga mpaka injini ikapaza sauti, akaachia. Ilishuka polepole, ikarudi kwenye mlio wake wa chini, ikabaki hapo. Askari waliokuwa wameinama kidogo walinyooka. Afisa aliuliza jambo huku akitazama tairi, na Papa Malachie hakuliona.

"Nani alitengeneza?" ndivyo alivyouliza.

"Siye wawili," Mama Virginie alijibu.

Kamba ya bariyeri ikashushwa. Walipokuwa wamepita kilima, Lukumani alianza kutetemeka, kwanza bega, kisha mwili wote. Papa Malachie alisimamisha gari pembeni. Alivua koti lake akamfunika, akamzungushia mkono, na Mama Virginie katikati yao akawa amebanwa na wanaume wawili, mmoja analia na mwingine anamfuata. Karibu na mji Lukumani alijifuta uso, akamgeukia mwenzake wa zamani ili midomo ionekane vizuri.

"Siku ya kwanza, mukono ikipona, uniletee funguo. Na kila asubuyi, kabla ya kutoka, tutasemezana uso kwa uso. Ukiangalia pembeni, siendi."

"Nitakuangalia," Papa Malachie alisema.

Jumatatu iliyofuata alisimama mbele yetu sote kwenye maombi ya asubuhi, akasema masikio yake yamekwenda na hatayaficha tena. Tukajifunza kusimama mbele yake tunapozungumza, na kuacha kumpigia kelele mgongoni kisha kumwita mwenye kiburi. Mama Virginie akapewa blouse ya garaje, lile koti la kazi, yenye jina lake. Kila injini iliporekebishwa alikuja na bidoni lake. Jenereta ya upasuaji haijawahi kuimba vizuri kama miaka hii miwili. Na mwaka jana, barabara ya Oicha ilipojaa watu waliokimbia wakibeba magodoro na wazee mgongoni, jeep ile ilikwenda na kurudi, ilikwenda na kurudi, na katika bariyeri zote haikumtisha mtu.

Sasa wanakwenda Butembo, kwa binti yao Hadassa, ambako kuna shamba la kabichi na kinu cha kusaga kilichosimama tangu zamani. Papa Malachie anasema kinu hicho kitasaga kabla ya Noeli. Sisi tunaomjua tunasema kabla ya hapo. Lukumani atawapeleka, ameomba yeye mwenyewe, na amelala na jeep siku mbili akiipaka rangi.

Papa Malachie, hotuba siku hiyo zitakuwa ndefu, na hakuna hata moja utakayoisikia. Ndiyo maana kamati imekubali maneno haya yapigwe chapa kwa herufi kubwa, uyasome mwenyewe polepole. Asante kwa moto uliotuwakia chumba cha upasuaji. Asante kwa safari zote ambazo sisi tuliokaa nyuma na wagonjwa hatukujua hata jina la kifaa kilichotufikisha. Mama Virginie, asante nawe, kwa mkono wako. Mungu awape nyumba yenye utulivu, kabichi zisizoliwa na wadudu, na wajukuu wanaojua kukaa mbele ya babu yao wanapomweleza habari. Mzeeke pamoja, mmoja akimsikilizia mwenzake, na Butembo iwatunze kama mlivyotutunza.

Ukifika hapa, inua macho, Papa. Tutakuwa tumesimama wote mbele yako, tangu Docteur Abdias hadi wapishi, na Mapenzi na binti yake wamefika kutoka Mbau. Utatuona vizuri midomo. Tunasema asante kwa lugha ya kwenu: wasingya.